UZI: Kura tisa za kituo changu, na kwa nini chama cha tatu hakidumu Tanzania

MwishoWaReli (mleta mada)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo umeme umerudi mapema nikaona nilimwage lote. Ni refu. Mwenye haraka apite tu, asiniombe muhtasari.

Oktoba 2015 nilikuwa wakala wa chama kimoja kidogo kwenye kituo cha shule ya msingi, huku kwetu Ujiji. Chama sikitaji, maana waliokuwa viongozi wake wa wilaya bado tunasalimiana sokoni. Ndani ya chumba tulikuwa mawakala wanne: wa CCM, wa Chadema, mimi, na dada mmoja wa chama kidogo kuliko changu. Niliahidiwa posho ya elfu ishirini. Asubuhi nikapewa elfu tano na neno kwamba chakula kitaletwa. Saa saba mchana wakala wa CCM akaletewa wali na samaki kwenye hotpoti. Wa Chadema akaletewa chipsi mayai kwenye mfuko. Yule dada akavumilia mpaka saa nane na nusu, akasema anakwenda kunyonyesha, hakurudi. Mimi nikanunua maandazi mawili na maji kwa pesa ya nauli.

Kituo kikafungwa saa kumi jioni, foleni ya mwisho ikaisha, tukaanza kuhesabu kiza kinaingia, kwa taa ya kuchaji iliyotundikwa kwenye msumari wa ramani ya Afrika. Karani anafungua karatasi, anainyanyua tuione, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Mafungu mawili yakawa yanapanda kama vichuguu. La kwangu lilikuwa pembeni ya ukuta, jembamba kiasi kwamba upepo ulipoingia dirishani karani akaliwekea kipande cha chaki lisipeperuke. Kura tisa. Nane nilijua ni za nani. Ya tisa sijaijua mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Ikanyanyuliwa karatasi moja ambayo alama ya vema ilianzia kwenye kisanduku cha mgombea mmoja, mkia wake ukagusa mstari wa mwingine. Wakala wa CCM akasema imeharibika. Wa Chadema akasema haijaharibika. Wakapandishiana sauti. Msimamizi wa kituo akanigeukia mimi: "Na wewe unaionaje?" Nikasema ihesabiwe, nia ya mpiga kura inaonekana. Wote wawili wakanyamaza, ikahesabiwa. Sikuwa na masilahi kwenye kura ile na wao walilijua hilo. Nilitoka pale saa nne usiku nikiwa na njaa, lakini nikiwa nimeelewa kazi ya chama cha tatu kuliko nilivyoielewa kwenye semina zote za mawakala.

Tuje kwenye hesabu ya nchi. Mwaka ule Magufuli alipata asilimia 58, Lowassa karibu 40. Wa tatu alikuwa Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee kwenye karatasi, kura 98,763, yaani asilimia 0.65. Vituo vya kupigia kura vilizidi 60,000. Gawanya mwenyewe. Mtu wa tatu wa nchi nzima alipata kura moja na nusu kwa kila kituo. Kwa hiyo tisa zangu msizicheke.

Watu wanasema vyama vidogo havipati kura kwa sababu havina sera. Sikubaliani. Naona chama cha tatu kwetu kina asili moja: kinazaliwa, au kinafufuka, siku mkubwa fulani anapogombana na CCM. Kinanenepa naye, na akiondoka kinakonda. Tazameni NCCR-Mageuzi. Mwaka 1995 walimpata Augustino Mrema, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu. Akapata asilimia karibu 28 ya kura za urais. Lipumba wa CUF asilimia 6, Cheyo wa UDP asilimia 4. NCCR wakawa chama kikuu cha upinzani Tanzania Bara. Miaka minne haikupita bila ugomvi wa Mrema na Mabere Marando, mahakamani na nje ya mahakama, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Uchaguzi wa 2000 akiwa TLP akapata asilimia 7.8. Mwaka 2005 hakufika hata asilimia moja. NCCR nao wakabaki na jina.

Ushahidi wa pili uko hapa nyumbani. Mwaka 2010 NCCR walifufukia Kigoma, wakachukua majimbo manne kwa mpigo, Kafulila akiwa mmoja wao. Tulitembea vifua mbele. Mwaka 2015 yote manne yakaondoka. Kiti kimoja tu NCCR walichopata nchi nzima mwaka ule kilikuwa Vunjo, James Mbatia akimwangusha nani? Mrema. Historia ya upinzani wetu ina utani mbaya.

Kuna jambo la sheria ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1995 mgombea urais alitakiwa avuke nusu ya kura halali. Marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yakaliondoa sharti hilo; sasa anayeongoza ndiye mshindi, hata awe na asilimia 35. Hakuna duru ya pili. Maana yake mtu wa tatu hana cha kuuza. Penye duru ya pili, mwenye asilimia 8 anafuatwa nyumbani kwake usiku na magari mawili. Kwetu anapigiwa simu ya pole.

Ongeza na hili: mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Mtikila alilipigania mahakamani tangu miaka ya tisini mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na bado. Matokeo yake ni kwamba kila aliyeshindwa kura za maoni CCM na bado ana hasira na pesa kidogo, anatafuta chama cha kukodi kwa miezi mitatu. Vyama vidogo vimegeuka daladala za harusi. Tunapamba, tunabeba bwana harusi, kesho yake tunarudi kijiweni tukiwa na maua yaliyonyauka kwenye boneti.

Nawasilisha. Matusi hapana, hoja karibuni.

KahawaBilaSukari

Mkuu nimesoma yote na ndoo ya maji imefurika nje. Swali moja: Chadema je? Nao walikuwa wadogo. Mbona hawakufa?

MwishoWaReli

Mkuu KahawaBilaSukari, hapo umegusa penyewe, nilikuwa nakuwekea akiba.

Chadema mwaka 1995 hawakuwa hata na mgombea urais, walimuunga mkono Mrema. Mwaka 2000 wakamuunga mkono Lipumba. Uchaguzi mbili walikuwa wasindikizaji! Mwaka 2005 Mbowe akasimama mwenyewe na ile helikopta, watoto wanakimbia mashambani kuitazama, akapata karibu asilimia 6, nafasi ya tatu nyuma ya Lipumba. Mpaka hapo ni chama cha tatu cha kawaida.

Baada ya hapo hawakulala. Agosti 2007 mbunge wao Zitto anasimamishwa bungeni kwa hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Septemba Dkt. Slaa anasimama Mwembeyanga, Temeke, anasoma orodha ya watu aliowaita mafisadi. Halafu ikaja Operesheni Sangara, kata kwa kata, kijiji kwa kijiji, hakuna uchaguzi wowote karibu. Mwaka 2010 Slaa akachukua zaidi ya robo ya kura za urais na Lipumba akarudi nafasi ya tatu. Bungeni wakaingia 48 pamoja na viti maalum.

Miaka mitano ile waliokota watu ambao hakuna chama kilichokuwa kimewaendea. Mimi nawasifu kwa hilo na wala si mwanachama wao. Kisha 2015 wakampokea Lowassa kutoka CCM, Slaa akajiondoa, na wao wakaonja daladala ya harusi kwa ukubwa wake. Kura milioni sita, na miaka minne baadaye bwana harusi karudi kwao.

MzeeWaTemeke

Kijana umeandika vizuri ila 1995 umeipitia juu juu kama mtu aliyesimuliwa. Sisi tulikuwepo. Gari la Mrema lilisukumwa na watu kwa mikono, petroli ipo na injini nzima. Siku yenyewe ya kupiga kura, Dar es Salaam vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kabisa. Uchaguzi wa majimbo yote saba ya Dar ukafutwa, ukarudiwa Novemba 19, na wagombea wa upinzani wakasusia. Kwa hiyo hiyo asilimia 28 unayoitaja, mji uliokuwa na moto kuliko yote haukuhesabika sawasawa ndani yake. Oktoba 1996 sisi wa Temeke tukampa Mrema ubunge kwa NCCR kwenye uchaguzi mdogo. Usiseme chama kilikuwa mtu mmoja tu. Sisi tulikuwepo.

MwishoWaReli

Shikamoo mzee wangu. Nakubali, kipande cha Dar nilikiruka na hakikustahili kurukwa. Lakini nikuulize kwa adabu: Mrema alipohamia TLP mwaka 1999, tawi lenu la NCCR Temeke lilifanyaje?

MzeeWaTemeke

Marahaba. Bendera ilishushwa wiki ileile. Viti vya plastiki aliondoka navyo mwenyekiti, alidai alinunua kwa pesa yake. Nusu tulimfuata Mrema, nusu tulikaa nyumbani. Haya, umenipata.

DadaWaHesabu

Wapendwa, mnaongea siasa, mimi niongee pesa. Niliwahi kuwa mweka hazina wa chama (sisemi kipi) ngazi ya mkoa.

Mleta mada kasema aliahidiwa elfu ishirini. Chukua vituo 60,000 vya 2015, au karibu 80,000 vya 2020. Wakala mmoja kila kituo, elfu ishirini. Hiyo ni bilioni 1.2 mpaka bilioni 1.6 kwa siku moja, hujaweka nauli ya kwenda kuapishwa, hujaweka chakula, hujaweka wakala wa akiba. Chama chenye mbunge mmoja kitaitoa wapi? Ruzuku ya serikali inafuata viti na kura za wabunge. Aliye nacho anaongezewa, asiye nacho anaambiwa ajitegemee.

Na viti maalum navyo ni vilevile. Ili upate hata kimoja, chama kinatakiwa kifikishe asilimia 5 ya kura zote za ubunge nchini. Hapa ndipo UKAWA ilipowaumiza wadogo bila watu kujua. Chadema, CUF, NCCR na NLD waligawana majimbo 2015 ili wasigawane kura. Kisiasa ni akili. Lakini jimbo uliloachia, hata zile kura elfu mbili za mgombea wako aliyeshindwa hazipo tena kwenye kapu lako la asilimia 5. NCCR walitoka na mbunge mmoja. NLD hawakutoka na hata mmoja. Aliyebebwa kwenye muungano ndiye aliyelipa nauli kubwa.

Wenzangu walikuwa wananicheka nikisema tusimamishe wagombea hata kule tusikoweza kushinda. Mgombea wa kushindwa naye ana kura, na kura ina hesabu yake.

KahawaBilaSukari

Dada, hili la asilimia 5 nilikuwa silijui kabisa. Siku zote nikiona mgombea wa chama cha ajabu anabandika picha kwenye nguzo ya umeme najisemea huyu anapoteza muda.

DadaWaHesabu

Wengine wanapoteza muda kweli, kaka. Usiwaonee huruma wote 😂

ShambaDarasa

Mimi bila unafiki vyama vingi vidogo ni vya familia. Mwenyekiti ni baba, katibu ni shemeji, ofisi ni fremu ya duka. Sheria inasema upate wanachama 200 kila mkoa kwenye mikoa isiyopungua kumi, miwili iwe ya Zanzibar, Unguja na Pemba. Ukishapata usajili wa kudumu unakaa, unasubiri mwaka wa uchaguzi uitwe kwenye vikao vya "wadau". Mzee Rungwe, mgombea urais aliyeahidi watu ubwabwa, angalau alituchekesha, na ukimsikiliza vizuri alikuwa na hoja, njaa ni sera. Ila wengine wapo kujaza karatasi tu ionekane kuna ushindani. Hao ndio wanaomharibia mtu kama mleta mada aliyekaa na maandazi mawili.

MwishoWaReli

ShambaDarasa sikupingi, nao wapo, na huku tunawajua kwa majina. Ninachokataa ni kuwatia wote kapu moja. UDP ya Cheyo, pamoja na utani wote wa "Mapesa", Bariadi ilikuwa na watu wa kweli, wakulima wa pamba waliokuwa na malalamiko ya kweli. Chama cha mkoa mmoja si dhambi. Shida ni kwamba mfumo wetu hauna kiti cha chama cha mkoa mmoja isipokuwa kishinde jimbo zima. Ukipata asilimia 30 kwenye majimbo matano ya jirani, umepata sifuri mara tano.

BiMkunazini

Assalaam alaykum. Nyie wa Bara mnajadili chama cha tatu kama maiti, mie nacheka. Njooni kwetu Zanzibar muone maiti akitembea.

ACT-Wazalendo unayoitaja, hiyo ya kura moja na nusu kila kituo, huku 2015 mtu hakuwa akiijua rangi yake. Machi 2019 mahakama ikampa Lipumba uenyekiti wa CUF. Siku ileile Maalim Seif, katibu mkuu wa CUF, akahamia ACT, akasema shusha tanga, pandisha tanga. Wallahi sijapata kuona kitu kama kile. Ofisi zilizokuwa za CUF zikapakwa zambarau. Kofia, bendera, kadi, vyote vikageuka. Mama yangu mzazi, hajui kusoma, aliikunja kanga yake ya CUF akaitia sandukuni na karafuu, akaniambia nenda kanitafutie ya zambarau.

Mwaka 2020 ACT ikawa ya pili Zanzibar, na wakaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais mpaka alipofariki Februari 2021, Mungu amrehemu. Nafasi akaishika Othman Masoud. Mtu kafa, chama kipo. Sasa ile kanuni yako kwamba chama kinakonda mtu akiondoka, hapa imekwama.

Na huku Makamu wa Kwanza hutoka chama kinachofuata, si kama kwenu ambako wa pili na wa tatu wote huambiwa mkalale. Kiti kipo kwenye Katiba yetu tangu 2010. Hicho ndicho kinachomfanya mtu asichoke.

MwishoWaReli

Waalaykum salaam Bi Mkunazini. Umenibana, nakiri. Nimekaa na jibu lako tangu adhuhuri.

Hebu nijaribu hivi. Kilichohama Machi 2019 hakikuwa Maalim peke yake. Zilihama barza, yalihama matawi, walihama madiwani, alihama mpaka mzee anayetunza ufunguo wa ofisi. Mtandao ulikuwapo tangu 1992 na kabla yake, ukabadilisha jina tu. ACT walipata siku moja kitu ambacho Chadema walikitafuta kwa miaka ya Sangara. Mrema alipohama Temeke alihama na nusu ya watu, na mwenyekiti akaondoka na viti vya plastiki.

Lakini ukiniambia hapo nimeivuta kanuni yangu ili ikutoshe, sitabisha sana.

BiMkunazini

Umeivuta. Lakini umeivuta kwa adabu, nimesamehe.

BarabaraYaNyali

Habari zenu ndugu za kusini. Mimi niko Mombasa, huwa nasoma tu lakini leo naingia.

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Kabla ya Katiba mpya, 2007, Kalonzo alikuwa wa tatu na asilimia kama 9. Alikuwa akisema atapita katikati yao. Kibaki na Raila walitofautiana kwa kura kama 230,000. Kalonzo peke yake alikuwa na karibu 880,000. Nchi ikawaka moto, na wiki ya pili ya Januari 2008 Kalonzo akawa Makamu wa Rais. Akapita katikati yao kweli.

Katiba ya 2010 ikaweka nusu ya kura na moja juu, pamoja na robo ya kura kwa angalau kaunti 24. Mwaka 2013 Uhuru alivuka mstari kwa asilimia 50.07, kama kura 8,400 tu juu ya nusu. Mudavadi, wa tatu, alikuwa na zaidi ya 480,000. Piga picha: kama watu elfu chache wa Uhuru wangempigia Mudavadi, tungerudi debeni, na Mudavadi angekuwa bwana mkubwa wa wiki nne hizo.

Mwaka 2022 Wajackoyah, yule wa bangi na nyoka na fisi, alipata kura kama 62,000. Watu walicheka wiki nzima. Ruto alikuwa juu ya nusu kwa kura kama 70,000. Hesabu hiyo iangalieni vizuri kabla ya kumcheka mtu wa fisi. Mudavadi naye safari hiyo hakusimama. Alitangaza "tetemeko la ardhi" lake Januari, watu wakacheka tena, akajiunga na Ruto kabla ya uchaguzi na kuchukua cheo chake. Alijifunza kuuza mapema, bei ikiwa juu.

Ila msitutamani sana. Huku chama kidogo ni cha kabila au cha kaunti, kinafunguliwa kuuzwa. Mwenye chama anaitwa "kinara", na wafuasi wake wanaambiwa mkataba umesainiwa, hawaonyeshwi.

KahawaBilaSukari

Kinara kwa bei ya jumla 😂😂 Nyali karibu sana jamvini.

MachoMakavu

Mimi nina swali ambalo naona mnalikwepa. Mnaongea chama cha tatu kana kwamba wa kwanza na wa pili wapo. 2025 wa pili hakuwepo kwenye karatasi. Chadema waliondolewa kwa kutosaini kanuni za maadili. ACT wakamleta Luhaga Mpina aliyetoka CCM, akaenguliwa. Kilichobaki ni wagombea 16 wa vyama vidogo dhidi ya Rais aliyepo, na matokeo yakatangazwa karibu asilimia 98. Hao 16 waligawana 2 na kidogo. Niambieni, pale nani alikuwa chama cha tatu?

MwishoWaReli

MachoMakavu, hukukosea kuuliza.

Kwangu mimi neno "tatu" lina maana pakiwa na "mbili" inayopigana. Nilipoitwa na msimamizi niseme ile kura imeharibika au la, nilikuwa na thamani kwa sababu kulikuwa na watu wawili wanaobishana na kila mmoja ana wakala aliyekula mchana. Mtoe mmoja wao chumbani, mimi wa maandazi ninakuwa nini? Nikisema imeharibika nani atanisikia? Nikikaa kimya nani atajua?

Mwaka 2020 mambo ya kuenguliwa kwa makosa ya fomu tuliyaona, na kwenye serikali za mitaa 2019 kabla yake. Mwaka huo wa 2020 ACT walikuwa na Bernard Membe kwenye karatasi, halafu Maalim na Zitto, aliyekuwa ameshahamia ACT, wakasema wanamuunga mkono Lissu wa Chadema. Chama kina mgombea, viongozi wanampigia debe wa chama kingine! Membe akabaki na kura 81,000 na ushee. Nililiona kama kituko wakati ule. Sasa naona walikuwa wanajaribu kulinda hiyo "mbili" isipotee. Hawakufanikiwa.

La Oktoba 29 na yaliyofuata siku zile sitaliandika hapa kwa juu juu. Linahitaji uzi wake na mtu mwenye moyo kuliko mimi.

DadaWaHesabu

Naunga mkono, uzi wake. Ila turudi kwenye maandazi. Mleta mada, ukipewa chama cha tatu leo, na milioni hamsini, kwa miaka mitano. Unafanya nini? Usiniambie "elimu ya uraia".

MwishoWaReli

Milioni hamsini hazifiki mbali, unajua wewe kuliko mimi. Sisimamishi mgombea urais. Hapo nimeshaokoa pesa ya mabango na ya kuzunguka mikoa kumi kutafuta wadhamini 200 kila mkoa.

Nachukua wilaya mbili tu. Tuseme Kasulu na Kigoma. Kila kata natafuta mtu mmoja wa kugombea udiwani ambaye watu tayari wanamfuata kwa shida zao: wa kamati ya maji, mwalimu mstaafu, mama wa kikoba. Nampa miaka minne, si miezi minne. Kila kikao cha halmashauri anahudhuria, hata akiwa hana kiti anakaa upande wa wananchi na daftari. Bei ya mawese, ushuru wa dagaa pale mwaloni, dawa zahanati, anaandika. Diwani mmoja anayeuliza "hii milioni sita ya choo cha shule imekwenda wapi" anawasumbua wakubwa kuliko mgombea urais wa asilimia sifuri nukta sita.

Na mawakala nawatafuta mwaka wa kwanza, si wiki ya kwanza ya Oktoba. Kituo kimoja, watu wawili wanaokaa mtaa huohuo, chakula wanapikiwa nyumbani kwao na chama kinalipa mchele. Wali kwenye hotpoti, dada! Sitasahau ile harufu.

ShambaDarasa

Na akishinda udiwani akanunuliwa je? Tumeona madiwani wakihamia CCM kwa makundi "kuunga mkono juhudi".

MwishoWaReli

Atanunuliwa. Kwenye kumi, watatu wataondoka, labda wanne. Nimeshaipiga hiyo. Sina dawa yake. Najua tu kwamba mama wa kikoba akihama, wanakikoba wenzake watamuuliza Jumapili, wanajua anakokaa.

MzeeWaTemeke

Kijana, mimi niliyesukuma gari mwaka 1995 nakwambia kitu kimoja hukukiandika. Tulikuwa na furaha. Hamna tena uzi wenye furaha kwenye jukwaa hili la siasa. Tulitembea kutoka Mbagala kwa miguu tunaimba. Chama chako cha daftari na ushuru wa dagaa, watu wataimba nini?

MwishoWaReli

Mzee, hapo umenikalisha chini. Sijui wataimba nini.

BarabaraYaNyali

Mzee wa Temeke apewe soda na mleta mada.

KahawaBilaSukari

Mkuu, kabla uzi haujafungwa, ile fomu ya matokeo ya kituo chako ulipewa nakala? Si kila wakala ana haki ya kupata?

MwishoWaReli

Haki ninayo. Usiku ule niliambiwa fomu hazitoshi, nipige picha. Simu ilikuwa imezima tangu saa kumi na mbili. Nikaandika kwa mkono kwenye daftari la mwanangu la hisabati, mstari kwa mstari, jina na kura, wakala wa Chadema akanimulikia kwa simu yake na wa CCM akanisahihisha tarakimu moja niliyokosea. Daftari lipo, nimelitoa sasa hivi kabatini. Ukurasa wa nyuma kuna hesabu za mtoto za kugawanya, alipata saba kwa kumi.

DadaWaHesabu

Na ile elfu kumi na tano iliyobaki ya posho?

MwishoWaReli

Katibu tulikutana juzi pale Kibirizi, ananunua dagaa. Kanisalimia vizuri sana.